Jicho na Mwiko

Mwaka 1931 Watanganyika watatu walisafiri hadi London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikitafakari kama Tanganyika, Kenya na Uganda ziunganishwe. Mmoja wao alikuwa Mtemi Makwaia wa Shinyanga, wa pili Martin Kayamba wa Tanga, na wa tatu Francis Xavier Lwamgira wa Bukoba, mtu wa Kiziba, ambaye Kagera inamkumbuka zaidi kwa kitabu chake cha historia kwa lugha ya Kihaya, Amakuru ga Kiziba. Kayamba aliandika habari za safari ile, na kitabu chake kikachapwa 1932 kwa jina Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza. Jina hilo lina vitenzi viwili, na kuona kumetangulia kufanya, ingawa kilichowapeleka wazee wale ng'ambo kilikuwa kufanya. Si kosa la Kayamba. Ndivyo msafiri yeyote husimulia akirudi, na ndivyo wasikilizaji wake hudai: tuambie uliyoyaona. Basi swali la kutafakari ni hili. Mtu akiisha kuwaona wanyama wa nchi ya mbali na majengo yake mashuhuri, je, ameijua nchi hiyo? Ninashikilia kwamba bado. Jicho hufikisha mtu mlangoni tu, na kinachomwingiza ndani ni wajibu: jambo ambalo kitu alichokiona kinamtaka alifanye, au kinamkataza asilifanye. Ushahidi wa kwanza wa dai hili nautafuta Buhaya, nchi ya Wahaya mkoani Kagera, mahali ambapo wengi hawangefikiri kuutafuta.

Tembea uone, husema Waswahili, na mgeni anayefika mji mkubwa wa ng'ambo huonyeshwa kwanza vitu vya namna mbili: wanyama na majengo. Sababu yake si ngumu. Sheria za nchi, ibada zake na ugomvi wake vinahitaji lugha na muda, lakini kiboko na mnara havihitaji mkalimani. London ilijipanga kwa ajili ya macho hayo mapema. Bustani ya wanyama ya Regent's Park ilifunguliwa 1828 kwa wanachama wa chama cha wataalamu walioianzisha, na mwaka 1847 umma ukaruhusiwa kuingia kwa kiingilio. Mwaka 1850 aliletwa kiboko kutoka mto Nile, wakampa jina Obaysch, na watu wakafurika kumtazama akilala. Mwaka 1881 likafunguliwa jumba la makumbusho ya viumbe huko South Kensington, lililosanifiwa na Alfred Waterhouse, na kwenye kuta zake zimepangwa sanamu za wanyama za udongo wa kuchoma: walio hai upande wa magharibi, waliotoweka duniani upande wa mashariki. Mtaalamu aliyelipigania jumba hilo, Richard Owen, alilitaka liwe kama hekalu la kuonyesha kazi za Muumba, na ndiyo maana lina sura ya kanisa kubwa la kale. Hapo wanyama, usanifu na dini vimefungwa fundo moja. Lakini tofauti na nyumba za ibada, hekalu hilo halimtaki anayeingia avue kiatu, apige goti wala afunge siku moja. Linamtaka atazame.

Macho hayana pazia, tunasema pia, na kwa kawaida methali hiyo humtetea aliyeona asichopaswa kuona. Ukiigeuza, inamshtaki. Jicho lisilo na pazia halijui pa kusimama. Simba aliye nyuma ya nondo ameondolewa njaa yake, mipaka yake na hofu anayowatia wengine, na anayemtazama hujifunza umbo la simba bila kujua simba ni nini. Ndivyo ilivyo pia kwa mifupa iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na wapagazi hadi bandarini, na leo imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, mnyama mmoja akizidi mita 13 kwenda juu. Mtu wa Lindi akienda Berlin leo ataonyeshwa, kama ajabu la nchi ya mbali, kitu kilichotoka nyuma ya nyumba yao. Tena jicho hilo halikuishia kwa wanyama. Mwaka 1896, katika maonyesho ya makoloni ya Ujerumani kwenye bustani ya Treptow, Berlin, watu zaidi ya 100 kutoka makoloni, wakiwamo wa Afrika Mashariki, waliwekwa wakaishi mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio, ndani ya vibanda vilivyojengwa kuiga vya kwao. Mwaka 1906 kijana wa Kongo, Ota Benga, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Waliopanga hayo hawakuwa wendawazimu. Walifuata tu hadi mwisho desturi ya kutazama bila kudaiwa chochote na kinachotazamwa.

Buhaya ilimjua mnyama kwa njia nyingine, na njia hiyo inaitwa omuziro, yaani mwiko wa ukoo. Bahinda, ukoo uliotawala Ihangiro, nchi ambayo leo ni sehemu ya wilaya ya Muleba, mwiko wao ni enkende, tumbili. Babito waliotawala Kiziba, nchi ya Lwamgira, mwiko wao ni engabi, mbawala. Mtoto wa Bahinda hakufundishwa kwanza urefu wa mkia wa tumbili. Alifundishwa kwamba tumbili haliwi nyumbani kwao, na kwamba hilo ndilo linalowaunganisha na watu ambao hajawahi kuwaona, huko mbali, wenye mwiko uleule. Kwa hiyo alipomwona tumbili shambani, alimwona pamoja na undugu wake wote na mipaka yake yote. Nyumba nayo ilijulikana hivyohivyo. Msonge, nyumba ya duara iliyoezekwa nyasi kutoka kileleni hadi ardhini, ukiutazama kwa nje unakuonyesha nyasi tu. Maana yake ilikuwa ndani, katika ujuzi wa nani anakaa wapi, nani anaingia hadi wapi, na mahali gani pameachiwa wazee waliokwisha kufa. Ikulu ya mfalme, ekikale, haikumtisha mtu kwa urefu wa kuta zake bali kwa wingi wa mambo ambayo mtu hakuruhusiwa kuyafanya ndani ya uzio wake. Kiswahili chenyewe kimehifadhi kumbukumbu ya namna hiyo ya kufikiri, kwani nyumba na mlango ni majina ya jengo na ni majina ya ukoo. Tukisema watu hawa ni wa mlango mmoja, hatuzungumzii mbao.

Pingamizi la kwanza litatoka msikitini na kanisani. Omuziro, litasema, ni mambo ya kabla ya dini, na muumini hawezi kuyafanya kipimo cha ujuzi. Jibu ni kwamba dini zenyewe, zinapofika kwenye mahali pake patakatifu zaidi, hutumia kipimo hichohicho. Jengo linalovuta wasafiri wengi wa imani kuliko karibu yote duniani ni Kaaba, nalo kwa umbo ni pande la mraba lisilo na mnara wala nakshi za kushindana na majumba ya wafalme. Anayekwenda huko hapewi uhuru wa mtalii. Akishavaa ihramu, kuwinda mnyama wa nchi kavu ni haramu kwake, na katika eneo la Haramu ya Makka hata asiyevaa ihramu hawindi mnyama wala hakati mti uliojiotea. Hebu tuone yaliyounganishwa hapo: jengo mashuhuri, wanyama wa nchi ya mbali, na mwiko juu ya yote mawili. Hujaji wa kutoka Bukoba huijua Makka kwa kuizunguka huku amejizuia, na njiwa wa pale anamjua kama kiumbe ambaye hatamgusa. Kanisa Katoliki nalo lina mfano uliomhusu mwana wa Muleba. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Bukongo mwaka 1912, alifanywa kardinali na Papa Yohane wa 23 mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza kupata daraja hilo katika nyakati zetu. Kwa desturi ya kale kila kardinali wa namna yake hukabidhiwa kanisa moja la Roma kana kwamba ni padri wa mji ule, naye alikabidhiwa kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Assisi huko Ripa Grande. Roma imejaa makanisa ya kutazamwa. Kwa Rugambwa mojawapo lilikuwa la kutumikiwa, na huyo Fransisko mwenye kanisa ndiye mtakatifu anayekumbukwa kwa kuwaita viumbe ndugu. Neno la ndugu ni neno la omuziro. Sisemi kwamba imani hizi na mila ya Buhaya ni kitu kimoja. Nasema zote zinakubaliana kwamba kitu kikubwa hujulikana na aliyefungwa nacho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Bila jicho, litasema, hakuna upendo, na bila upendo hakuna wajibu. Aristotle alifundisha kwamba kufikiri kwenyewe kulianza na mshangao. Watu wa Ulaya walioshangaa mbele ya vizimba ndio waliokuja kulipia hifadhi zetu, na ushahidi uko ziwani Victoria, si mbali na pwani ya Muleba. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa wakifugwa Ulaya waliletwa na watu wa Frankfurt, wakiongozwa na Bernhard Grzimek, wakaachiwa katika kisiwa cha Rubondo, wakazaliana, na kisiwa kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Grzimek huyohuyo alitengeneza filamu kuhusu Serengeti mwaka 1959, na waliopata kuionea nchi hiyo huruma kwa kuitazama gizani ndani ya majumba ya sinema hawahesabiki. Nakubali yote hayo, na sidharau jicho. Hata mlango ni sehemu ya nyumba. Lakini tuangalie ni wakati gani wale sokwe walipata tena maisha ya sokwe. Ni pale mtu alipoamua kwamba kumtazama hakutoshi, kwamba anadaiwa, akafungua kizimba. Vizazi vilivyozaliwa msituni vilikua bila mazoea ya watu, hata mgeni wa Rubondo akatembea siku nzima akasikia sauti tu. Jicho lilinyimwa, na mnyama akajulikana zaidi. Upande wa pili wa habari hiyo nao tusiufiche. Mwaka uleule wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishiwa Ngorongoro. Filamu ilizaa wajibu kwa wanyama kabla haijazaa wajibu kwa majirani wa wanyama, kwa sababu picha ya nyika tupu inampendeza mtazamaji kuliko nyika yenye wenyewe. Mshangao ukiachwa peke yake huchagua unachokipenda. Omuziro haukuwa na nafasi ya kuchagua, maana mtu alizaliwa akaukuta, uwe wa simba au wa panzi.

Hapo mpinzani atasema: hata omuziro ulimlinda mnyama mmoja kwa ukoo mmoja, na yule aliyekatazwa kwa huyu aliliwa na jirani. Ni kweli, na sidai kwamba ulikuwa sheria ya hifadhi. Misitu ya Kagera iliyokwisha haikukosa koo zenye miiko. Ninachodai ni kidogo zaidi na, naona, ni kigumu kukikanusha: kwamba ulimfundisha mtu kumjua mnyama na kujizuia kwa wakati mmoja, mafunzo ambayo bustani ya wanyama haiwezi kuyatoa hata ikiwa na wataalamu bora.

Linabaki pingamizi la mawe. Majengo ya ng'ambo yamesimama karne nyingi, litasema, na msonge huoza. Basi Mhaya anamfundisha nini mtu kuhusu majengo? Jibu la kwanza liko Katuruka, Bukoba. Simulizi za Kihaya zinasema kwamba Mfalme Rugomora Mahe aliwahi kuagiza mnara wa chuma ufike mbinguni, ukaanguka, na zinaonyesha mahali pa mafundi wake penye mti ulioitwa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba hapo karibu 1970, akifuata maelezo ya wazee, akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa miaka ipatayo 2000, mingi kuliko ambavyo mfalme yeyote wa simulizi zile angeweza kuwa nayo. Hakuna ukuta uliotunza habari hiyo. Ilitunzwa na watu waliojiona wana deni kwa mahali pale, kizazi baada ya kizazi, wakiendelea kupataja kwa jina. Jibu la pili liko ng'ambo ya ziwa, Kasubi, Kampala, kwenye makaburi ya Makabaka wanne, jengo la nyasi lililoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Mwaka 2010 liliteketea kwa moto. Jengo la mawe likiungua hubaki gofu la kupigwa picha. Kasubi ilibaki na wenyewe, kwa sababu kazi ya kuezeka nyasi zake ni haki na wajibu wa ukoo wa Ngeye, watu ambao mwiko wao ni mbega. Ilijengwa upya, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hapa mnyama na jengo vimekutana tena kama vilivyokutana kwenye kuta za South Kensington, ila kwa namna tofauti kabisa. Kule mnyama amepambwa ukutani. Hapa mwenye mwiko wa mnyama ndiye anayelishika paa lisianguke. Wajapani wa Ise, wanaolijenga upya hekalu lao la mbao kila baada ya miaka 20, wangeuelewa utaratibu huo bila maelezo marefu. Kudumu kwa jengo kunategemea mawe mara chache kuliko kunavyotegemea watu wanaodaiwa.

Maneno haya si ya wasafiri wa zamani tu. Barabara ya lami itokayo mpakani Mutukula hupita Bukoba na Muhutwe hadi Kagoma, na kutoka Kagoma huendelea kwenda Biharamulo na Lusahunga. Mwaka 2019 mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yalifanywa hifadhi moja ya taifa, Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba zaidi ya 4,700, na sehemu yake iko Muleba. Maana yake ni kwamba mkazi wa Kagoma, ambaye zamani alihesabiwa kuwa mtu wa kwenda kushangaa Ulaya, sasa anakaa kwenye njia ya watu wanaokuja kushangaa kwake. Atashawishiwa kuwaonyesha wageni hao kile tu ambacho jicho linakitaka: twiga, na labda msonge mmoja uliojengwa upya kwa ajili ya picha. Akifanya hivyo atapata fedha, na si vibaya kupata fedha. Lakini atakuwa amejigeuza Treptow kwa hiari yake. Inafaa amwonyeshe mgeni pia kisichofanywa: mnyama ambaye ukoo huu haumli na kwa nini, mahali ambapo mtu haingii na viatu, kaburi lisilopigwa picha. Mgeni mwenye akili atakumbuka katazo moja muda mrefu kuliko picha 100.

Na kijana wa Kagoma atakayesafiri, awe mwanafunzi, mfanyabiashara au mjumbe, naye ana la kufanya. Waliotoka Bukoba, Tanga na Shinyanga mwaka 1931 walisema mbele ya kamati waliyotumwa kuyasema, na kamati ile haikuupitisha muungano uliokuwa ukiogopwa. Kile walichokifanya ndicho kilichowaunganisha na London kuliko lolote walilolitazama huko. Basi afikapo mbele ya jumba kubwa au mbele ya mnyama wa ajabu, atazame ashibe, kisha amuulize mwenyeji swali moja kabla hajaondoka: hapa kwenu, mwiko ni upi?